Giaboksi otomatiki ya zamani: gia zinachelewa, kisha zinaingia kwa kishindo

Swali
Ndugu zangu, nina gari la petroli la miaka ya 1970 lenye giaboksi otomatiki ya gia tatu. Gia ya pili huchelewa mpaka injini inalia, na inapoingia hugonga hata kama nimekanyaga mafuta kidogo tu. Mwezi huu nimeongeza mafuta ya giaboksi mara mbili, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Fundi anataka kuishusha na kuifungua. Nimkubalie?

Jibu la 1
Usimkubalie bado. Giaboksi nyingi za namna hiyo hutambua mzigo wa injini kwa mvuto wa hewa wa manifoldi ya kuingizia hewa, ambao hupita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye modyuleta, yaani kile kikopo cha bati kilichochomekwa ubavuni mwa giaboksi, chenye kiwambo cha mpira ndani. Mvuto ukipungua, modyuleta huchukulia kwamba umekanyaga mafuta sana, ikapandisha presha na kuchelewesha gia. Hayo mafuta yanayopotea bila kudondoka ndiyo yanayonipa shaka zaidi, kwa sababu kiwambo kikitoboka injini huyafyonza na kuyachoma. Chomoa mpira, ingiza kijiti cha pamba mdomoni mwa modyuleta. Kikitoka na mafuta, modyuleta imekufa. Kwenye giaboksi ya Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors, kwa mfano, modyuleta inashikwa na bolti moja tu.

Jibu la 2
Kijiti kikitoka kikavu, usinunue kitu kabla ya kupima mvuto kwa geji. Injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa mafuta huvuta takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, ambacho ndicho kipimo cha mvuto. Pima kwenye manifoldi, kisha mwisho wa mpira: vipimo vikitofautiana, njiani kunavuja, vyote viwili vikiwa chini, tatizo ni la injini na giaboksi inasingiziwa bure.

Jibu la 3
Wenye dizeli wasifuate hilo la manifoldi, kwani mvuto wao hutoka kwenye pampu. Katika Mercedes-Benz 300D ya toleo la W123, pampu hiyo hiyo huhudumia hata loki za milango, hivyo uvujaji mlangoni unaweza kuzifanya gia ziingie kwa ukali.

Muulizaji
Kijiti kimetoka chekundu kwa mafuta ya giaboksi, na mpira una mafuta karibu hadi kwenye manifoldi. Je, na mpira nibadilishe?

Jibu la 1
Badilisha, na uchague mpira mgumu wa mvuto, kwa maana ule laini hujibana wenyewe ukifyonzwa. Hadi hapo usiliendeshe gari likiwa na upungufu wa mafuta ya giaboksi, utaunguza klachi za ndani.