Mwizi wa kikoba asomewe Zaburi ya 109? Wakristo wa Bagamoyo tuseme

Mwalimu wa Nianjema:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na majirani zetu Waislamu nawasalimu pia. Naleta jambo hili hapa kwa sababu kanisani tumeshindwa kulizungumza bila kununiana. Sanduku la kikoba cha akina mama limekutwa tupu. Fedha zile ni za mama lishe na wakaanga samaki, watu wa kula kwa jasho. Anayeshukiwa tunasali naye. Sasa baadhi ya wazee wametangaza mkesha Ijumaa: watu wafunge, spika zitolewe nje, jina litajwe, asomewe Zaburi ya 109 mpaka arudishe. Ni ile yenye "wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane". Na mimi nina hisa mle, nimeumia. Lakini watoto wa huyo mtu ndio ninaowafundisha kila Jumapili. Je, ni sawa Mkristo kuisoma zaburi hiyo juu ya kichwa cha mtu?

Askari wa Maombi:
Dada, Biblia yote ina pumzi ya Mungu au tuanze kuchagua mistari mitamu? Daudi aliomba hivyo. Petro naye aliitumia 109 hiyohiyo kwa Yuda, soma Matendo sura ya 1. Tumekuwa Wakristo wa kubembeleza dhambi. Mwizi akisikia jina lake usiku wa manane atarudisha kabla hakujakucha.

Mwana Dunda:
Yaani hiyo ni halbadiri iliyovalishwa msalaba. Miaka yote mnawanyooshea kidole wanaosoma visomo, leo mnasoma chenu.

Askari wa Maombi:
Shindwa! Usilinganishe Neno la Mungu aliye hai na mambo ya giza. Futa ulichoandika.

Abuu Kaole:
Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma tu, mada si yangu, ila "mambo ya giza" siwezi kuipita. Halbadiri ni kuwataja watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, wale 313 kwa hesabu iliyo mashuhuri, na kumwomba Mwenyezi Mungu haki. Na hata kwetu jambo lina mabishano, wapo masheikh wanaosema wazi kwamba halina asili katika Sunna. Tunajadiliana wenyewe. Ndugu Askari, umeamka na kugombana na mwizi, umelala unagombana na mimi niliyekuuzia nazi asubuhi.

Askari wa Maombi:
Sikukutaja wewe, kaka.

Abuu Kaole:
Umeitaja dua ya bibi yangu.

Mpangaji Majengo:
Mimi naomba nizungumzie spika. Nyumba ninayopanga iko nyuma ya kanisa, na mwanangu yuko kidato cha nne. Mungu wa Zaburi anasikia hata mtu akilia kitandani kimyakimya. Kwa nini laana isomwe kwa amplifaya?

Askari wa Maombi:
Na adhana ya alfajiri mbona hujaiandikia barua?

Mpangaji Majengo:
Adhana ni dakika chache na haimtaji mtu jina. Mkesha unaanza saa nne hadi saa kumi na moja. Usinitoe kwenye hoja.

Mwana Dunda:
Halafu watu walewale wakilalamikia ngoma ya daku wanasema "sauti zinasumbua".

Pwani Moja:
Mwezi wa Ramadhani umeingiaje hapa jamani? Turudi. Mimi nasikia Wakatoliki waliiondoa Zaburi ya 109 kwenye Biblia yao kwa sababu ya ukali. Kama ni kweli, basi hoja imekwisha.

Katekista Mstaafu:
Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, si kweli. Zaburi ya 109 imo katika Biblia yetu. Kilichofanyika, katika marekebisho ya 1970 chini ya Papa Paulo VI, zaburi tatu, yaani 58, 83 na 109, hazikuwekwa katika Liturujia ya Vipindi, ile wanayosali mapadre na watawa kila siku, pamoja na mistari michache ya zaburi nyingine. Sababu iliyotolewa ni ugumu wa kisaikolojia ambao mtu anaupata akizitamka kama sala yake. Kanisa halikusema ni uongo. Lilisema, kwa namna yangu ya kuelewa, kwamba maneno haya ni mazito, usimkabidhi kila mtu ayabebe kila wiki.

Nami ninatoka kwenye mji huu. Misheni yetu ilianzishwa 1868, na waliojaza kijiji chake cha kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Kama kuna watu hapa Pwani waliokuwa na haki ya kuililia Zaburi ya 137, ile ya waliokaa kando ya mito ya Babeli wakalia, ni wale. Wao waliibiwa miili. Sisi tumeibiwa sanduku.

Mwana Dunda:
Mzee, shikamoo, lakini usiwapambe wamisionari. Wale watoto waliokombolewa walikuwa wanaamshwa kwa kengele kwenda kulima mashamba ya misheni. Uhuru gani huo?

Katekista Mstaafu:
Marahaba. Walilima, sikatai, na ratiba ilikuwa kali. Sikusema habari za mapadre, nimesema habari za waliofungwa minyororo. Unabisha na mtu ambaye hayupo hapa.

Mwana Dunda:
Nabisha na picha zilizotundikwa makumbusho.

Mwalimu wa Nianjema:
Jamani, naomba msiniache na swali langu. Ndugu Askari, umesema Petro aliitumia. Nimeisoma tena. Petro alichukua mstari wa 8 tu, kwamba nafasi ya Yuda aichukue mwingine, na kweli akachaguliwa Mathiya. Hakumwombea mke wa Yuda njaa. Na Yuda alikwisha kufa.

Halafu tazameni Zaburi ya 35, ambayo huku kwetu ndiyo ya maombi ya vita, watu wanaishika kama panga. Mstari wa 13 anasema hao wanaomtesa walipougua, yeye alivaa gunia, akafunga kwa ajili yao. Hapo ndipo anapopata mdomo wa kulia mbele za Mungu. Anayeshukiwa kwetu alilazwa mwaka huu. Nani kati ya waliotangaza mkesha alifunga hata mlo mmoja kwa ajili yake? Nani alipeleka uji?

Daudi huyohuyo alimpata Sauli, mfalme aliyekuwa akimwinda amuue, pangoni kule En-gedi, akakata upindo wa vazi lake tu, na hata hilo likamchoma moyo. Maneno makali aliyapeleka juu, kwa Mungu, mkono akaurudisha. Sisi tunataka kufanya kinyume: kwa Mungu tunapeleka shukrani za juujuu, na ukali wote tunaumwagia jirani kwa spika.

Askari wa Maombi:
Kwa hiyo unasema sisi hatukumtembelea mgonjwa? Mimi nilikwenda. Uliza wauguzi. Usihukumu watu usiowajua safari zao.

Pwani Moja:
Kaka, kaandika aya tatu, umeona mstari mmoja tu.

Mama wa Sokoni:
Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni mmoja wa wenye hisa. Nakaanga samaki, fedha yangu mle ndani ilikuwa ada ya mtoto. Nawasikia mnavyosema upole, upole. Upole mnaugawa kwa fedha yangu. Asiyeibiwa ana neema nyingi sana. Mnajua kwa nini sisi tunaipenda Zaburi ya 109? Kwa sababu anayelia mle ni maskini na mhitaji, moyo wake una jeraha, na mwisho wake inasema Mungu husimama mkono wa kuume wa mhitaji. Hakuna mwingine anayesimama hapo. Wakili sina. Msininyang'anye na hiyo.

Mwalimu wa Nianjema:
Mama, pole sana. Sikunyang'anyi. Ilie. Niite tuilie wote nyumbani kwako, hata mstari wa yatima usome ukitaka, Mungu anajua kuuchuja. Ninachokataa ni jina la mtu, usiku, watoto wake wakisikia kutoka kitandani kwamba kanisa linaomba wawe yatima. Jumapili wataniuliza. Nitawaambia nini kuhusu Mathayo 5:44, pale Yesu anaposema tuwapende adui zetu?

Mama wa Sokoni:
Hilo la watoto nimelielewa. La fedha bado.

Fundi Boti:
Nauliza kitu kidogo. Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Limevunjwa, au limefunguliwa?

Mwalimu wa Nianjema:
Kufuli zote tatu ni nzima.

Fundi Boti:
Basi huyo mnayemsomea ana funguo zote tatu?

Mwalimu wa Nianjema:
Hana hata mmoja. Yeye alionekana karibu na ofisi jioni ile.

Mwana Dunda:
Subhanallah, na mimi si Mwislamu.

Pwani Moja:
Wenye funguo ni akina nani?

Mwalimu wa Nianjema:
Sitaandika majina hapa. Ila mmoja wao ni kati ya waliotangaza mkesha.

Askari wa Maombi:
Sasa hiyo ni kashfa kwa watumishi wa Mungu! Mlianza na upole, mmeishia kumtuhumu mzee wa kanisa. Wewe uliyekataa jina lisitajwe unalitaja kwa mzunguko.

Katekista Mstaafu:
Hapo amesema jambo la kweli, tumsikie. Kuwa na ufunguo si kuwa mwizi, kama ambavyo kupita karibu na ofisi si kuwa mwizi. Haki aliyoinyimwa yule wa kwanza asinyimwe huyu wa pili.

Abuu Kaole:
Mzee umenena. Kwetu pia asiye na ushahidi huambiwa anyamaze, na kusingizia ni dhambi kubwa.

Askari wa Maombi:
Na lile la giza, kaka Abuu, nalisema bado: mimi siamini kisomo chenu. Lakini bibi yako sikumkusudia.

Abuu Kaole:
Usiiamini. Tutaonana asubuhi, nazi zipo.

Mama wa Sokoni:
Mimi sina muda wa nazi. Wanahisa tukutane Jumatano, daftari liletwe, wenye funguo wote watatu waje na funguo zao mkononi. Atakayekosa, Alhamisi asubuhi tunakwenda polisi, mimi nitatangulia. Ijumaa mkesha ukiwepo nitakuja, na 109 nitaisoma kwa sauti yangu mwenyewe, kwa sababu ni yangu. Spika zibaki ndani, na jina la mtu lisitajwe. Mwalimu, uje ukae na mimi.

Mpangaji Majengo:
Spika zibaki ndani, asante mama. Mwisho saa ngapi?