Mlezi wa kiroho akitangulia: tupeane uzoefu wa kumuenzi

Wapendwa, mlezi akifariki hapa Dar mara nyingi anaagwa kanisani asubuhi, mchana gari linaondoka kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya. Waliolelewa naye wanabaki na fulana yenye picha yake. Tupeane namna ya kuhifadhi zaidi ya hapo.

Wa Tabata: Anzeni na wasifu. Familia huandika kuzaliwa, shule, kazi na watoto. Huduma hupata mstari mmoja. Mpelekeeni katibu wa kamati ya msiba aya moja mapema, maneno kama 120, iseme alifundisha darasa gani na miaka ipi. Miaka ithibitishwe kwenye rejesta ya kipaimara. Mkileta kurasa mbili zitakatwa palepale kwenye ratiba.

Wa Mbagala: Sauti zake za WhatsApp zihamisheni kabla simu haijaharibika. Kila faili ipeni tarehe na mada, mweke nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe. Msizirushe kundini bila kuzisikiliza hadi mwisho, kwani nyingine ni ushauri wa ndoa za watu.

Wa Kimara: Biblia yake na madaftari ni mali ya familia. Subirini matanga yaanuliwe, mwende na mzee wa kanisa, muombe kupiga picha tu. Kaeni karibu na dirisha, flashi ya kamera imezimwa maana karatasi itang'aa, simu iwe sambamba na ukurasa, na namba ya ukurasa ionekane. Bila namba, maelezo ya pembeni hayajulikani ni ya mstari upi. Msikawie sana, nyumba ya kupanga ikirudishwa kwa mwenyewe vitabu hugawanywa. Picha za zamani nazo, kwa joto na unyevu wa huku, hushikana na nailoni ya albamu. Msizibandue, rangi itabaki kwenye nailoni. Zipigeni humo humo.

Wa Tabata: Kwa Wakatoliki, nia ya misa, yaani misa ya kumwombea marehemu, iandikishwe ofisi ya parokia mapema, hasa ya Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na kwa jina la ubatizo.

Wa Kigamboni: Darasa lake lisifungwe hata Jumapili moja. Wawili wapokezane kwa miezi mitatu, wakifuata somo aliloishia. Watoto waambieni "amefariki", msiseme "amesafiri", watamsubiri mlangoni.