Juisi ya matunda na mwani mkavu, kipi kina lishe zaidi?

binti_tandika: Wadau habari za mchana, naomba anayejua mambo ya lishe anisaidie. Kila siku nasaga juisi ya embe na pasheni ya kwetu nyumbani, sasa wifi yangu karudi toka Paje, Zanzibar, kaniletea mfuko wa mwani mkavu anasema niachane na juisi ni sukari tupu, niwe naloweka mwani nauchemsha unakuwa kama jeli, kijiko kila asubuhi. Kanitumia na chati ya wasapu, gramu 100 za mwani zinaipiga mbali mililita 100 za juisi ya chungwa kwa chuma na kalsiamu. Ni kweli au ndo biashara? Na ile harufu inatoka maana nimefungua mfuko nikaufunga hapohapo 😂

mla_urojo: Chati haidanganyi ila imepangwa kijanja. Juisi ni maji karibu asilimia 88, mwani mkavu umeshatolewa maji, sasa hapo unategemea nini? Halafu gramu 100 za mwani mkavu nani anamaliza, ile karatasi ya nori Wajapani wanayofungia wali ni kama gramu 3 tu. Linganisha kijiko chako na glasi yako. Glasi ya chungwa ya mililita 250 ina vitamini C ya kukutosha siku nzima na inabaki, mwani ulioanikwa juani usiutegemee kwa hilo. Ila wifi yako kwenye sukari hajakosea, glasi hiyohiyo ina kama gramu 20, na WHO wanaihesabu sawa na sukari ya kopo, wanashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku na ikiwezekana ashuke mpaka 25. Hapo hujaongeza sukari, na pasheni ya Dar nani anakunywa bila sukari jamani

binti_tandika: 🙈 naongeza vijiko vinne kwenye jagi

mwanamwani: Dada mimi ni mtu wa Jambiani, mwani tunaulima kwa biashara tangu 1989 hivi, aina mbili, spinosamu na kotonii, japo kotonii siku hizi inakufa maji yamekuwa moto. Mwingi unaenda nje kutolewa karajinani, ule ute wa kugandishia maziwa na dawa ya meno. Ute huo tumbo haliusagi, unapita kama nyuzinyuzi, kwa hiyo choo kitakuwa laini, shibe utapata, ila usitegemee nguvu. Harufu: osha maji matatu manne, loweka usiku kucha na ndimu, chemsha na tangawizi. Na uliza ulianikwa wapi, wa kula uwe wa chanja, ule wa mchangani utasaga meno na mchanga

nesi_wa_zamu: Mbona hakuna aliyegusa madini joto? Ndo kitu mwani unacho na juisi haina kabisa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na kama chumvi yako ni ile yenye madini joto sehemu kubwa unaipata jikoni. Mwani wa kahawia kama kombu ya Japani hata gramu moja inaweza kupita hicho kiwango mara nyingi, huu mwekundu wa Zanzibar kwa kawaida uko chini sana ila unabadilika badilika, kwa hiyo mwenye tatizo la tezi ya shingo au mjamzito asianze kijiko cha kila siku bila kumuuliza daktari. Na chuma cha mimea kinaingia mwilini vizuri ukila na vitamini C, kwa hiyo hivi vitu sijui kwa nini mnavigombanisha

binti_tandika: Kumbe niweke mwani kwenye juisi?

mwanamwani: Huku mbona tunafanya, juisi ya mwani na pasheni. Sukari tu uache hiyo minne

mla_urojo: Na embe kula lenyewe, kulisaga la nini?

binti_tandika: Watoto wanataka juisi kaka wewe huna watoto nini 😅 haya naloweka leo usiku