Chuo kikuu cha umma kimemdahili mpwa wangu kwenye digrii isiyo na ithibati, sasa wanamwambia "hamia ualimu"

Wakuu, naandika nikiwa Kigoma, mwisho wa reli, na hasira zangu zote. Mtanivumilia.

Kuna chuo kikuu cha umma, jina nalihifadhi kwa sasa na ieleweke hakiko Kigoma wala Tabora, kilitangaza kozi mpya: shahada ya uvuvi na rasilimali za maziwa, na pembeni yake astashahada ya fani hiyohiyo. Mtoto wa dada yangu kasoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), kafaulu, na kakulia Kibirizi akiona mitumbwi ya dagaa inaingia asubuhi. Mwaka 2024 serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, mazungumzo ya nyumbani yalikuwa hayohayo kila siku: samaki wamepungua kwa nini, na nani anajua. Sasa kozi kama hiyo ikitangazwa, mtoto wa Kibirizi ulitaka aombe nini, sheria?

Akadahiliwa. Barua ikaja na nembo, mhuri na kontroo namba. Mama yake anauza mawese soko la Mwanga. Kulikuwa na madumu aliyoyaficha akisubiri bei ipande, akayauza kwa bei ya siku hiyo, akaenda benki akalipa ada ya mwaka mzima, shilingi 1,300,000, mtoto akapanda basi.

Maelekezo ya kujiunga ninayo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza ada. Wa pili cheti cha kuzaliwa na fomu ya daktari. Wa tatu ni shuka mbili za bluu, ndoo, rimu ya karatasi na ufagio wa chelewa. Halafu chini ya ufagio, kwa herufi ambazo dada yangu hazioni hata akivaa miwani, kuna mstari mmoja: programu hii itatolewa baada ya kupata kibali cha mamlaka husika. Chini ya ufagio! Kitu kinachoamua kama mtoto atatoka na shahada au na karatasi ya kufungia karanga ndicho wamekiweka hapo.

Muhula ukaanza, wakafundishwa masomo ya utangulizi pamoja na kozi nyingine, hakuna aliyeshtuka. Kimbembe kikaja siku ya kusaini mkopo. Bodi ya Mikopo inamtambua kama mwanafunzi wa ualimu wa sayansi. Chuo kinamtambua kama mwanafunzi wa uvuvi. Taarifa hazisomani, hela ikakwama. Kufuatilia kwa msajili ndipo tukaelewa mchezo: kwa kuwa kozi mpya haikuwa na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundishwa, majina yao yalipelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, chini ya kozi nyingine yenye ithibati, "kwa muda tu, kibali kikitoka tunawarudisha". Kibali hakijatoka. Tangazo likabandikwa ubaoni kwamba wanafunzi wa programu husika "wanashauriwa kuendelea na programu walizosajiliwa". Yaani mtoto kaomba samaki, kapewa chaki, halafu inaitwa ushauri.

Wa astashahada ndio wameachwa kwenye mataa kabisa. Kijana wa jirani yetu Ujiji yumo humo. Kwa taratibu zetu, astashahada na stashahada za ngazi za NTA, yaani za mafunzo ya ufundi, zinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ile iliyokuwa NACTE hadi 2021. Kama astashahada yake haijulikani huko, stashahada ataingia kwa mlango gani? Na siku akitaka kuombea digrii kwa stashahada yake atadaiwa AVN, namba ya uhakiki inayotolewa na haohao NACTVET. Miaka yake itakuwa imekwenda na maji. Nilipouliza, ofisa mmoja kanijibu bila hata kuniangalia, anakoroga chai: "Mzee, mchakato unaendelea." Nina miaka arobaini na mbili, lakini sawa, mzee.

Kabla hamjaja na "ndio urasimu wa TCU huo, kozi zinachelewa", mimi TCU sijaja kuwalaumu kwa kukagua. Wakague hata mwaka mzima. Kozi mpya haianzi kwa mtu kubuni jina tamu. Chuo kinatakiwa kionyeshe uhitaji wa hiyo fani, kiandike mtaala, upite idara, upite Seneti, ndipo upelekwe Tume, wataalamu wausome na waulize: walimu mnao? Maabara iko wapi? Vitabu? Wakiona kasoro wanaurudisha ukarekebishwe. Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, na kanuni zake za 2013 zipo kwa ajili hiyohiyo. Nani anataka mtoto wake afundishwe uvuvi na mtu aliyesomea biashara kwa sababu ndiye aliyekuwa na vipindi vichache?

Ninachokataa ni chuo kuuza tiketi kabla basi halijasajiliwa. Kusubiri kibali ni kazi ya chuo, kisubiri chenyewe, na gharama zake. Hapa kimewasubirisha watoto, kwa ada ya mama zao, bila kuwaambia kwamba wanasubiri. Mtaala ukirudishwa kurekebishwa, waliouandika mishahara yao iko palepale. Anayepoteza mwaka ni wa Kibirizi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa makini. Miaka yote tunaonywa kuhusu vyuo vya uchochoroni. Tunakumbuka 2017, TCU ilipozuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kufungia kozi 75 kwenye vyuo vingine 22. Tokea hapo mzazi wa huku akisikia "cha serikali" anapumua. Hakuna anayemwambia kwamba chuo kuwa na ithibati ni jambo moja, na kila kozi ndani yake kuwa na ithibati yake ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa cha tangu enzi za Mwalimu, kikawa na majengo ya ghorofa na profesa kila mlango, na bado kozi waliyoitangaza wiki iliyopita haina hadhi yoyote. Hilo chuo kinalijua. Kinajua pia kwamba sisi hatulijui, na kimekula humo.

Kingekuwa chuo binafsi kimefanya hivi, mngesikia kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Cha umma kinaitwa "changamoto".

Kuna mjuaji mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kasema tungeangalia kitabu cha mwongozo wa udahili. Tuliangalia. Chuo kipo. Kozi haikuwepo, tukauliza kwa simu, tukajibiwa kwamba kitabu kilitoka kabla na toleo lenye marekebisho linakuja. Sasa mwananchi afanye nini tena? Maonesho ya vyuo vikuu yanafanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli kutoka hapa. Mtu wa Buhigwe au Kakonko akapande treni kwenda kuuliza swali moja?

Na hali hii itaongezeka, mtanikumbuka. Kuna mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia, unajenga kampasi kwenye mikoa na kuhuisha mitaala. Hapa Kigoma inakuja kampasi ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, jambo jema sana, na narudia kwamba silalamikii hao. Ila kila chuo sasa kinakimbizana kuonyesha kozi mpya zenye majina ya kuvutia, na pale mbio zinapozidi ndipo fomu inauzwa kabla ya kibali. Mikoa kama yetu, yenye kiu ya kozi zinazohusu ziwa, mawese, nyuki, tumbaku, ndiyo itakayonaswa kwanza, kwa sababu ndiyo iliyozisubiri muda mrefu.

Tunachodai kiko wazi. Ada irudishwe yote, na wasituambie imeshaingia kwenye mfumo wa serikali haitoki. Iliingia kwa dakika mbili. Mtoto apewe barua inayosema kosa ni la chuo, ili dirisha lijalo la udahili aombe upya bila kuonekana kaacha masomo kwa utoro, na Bodi ya Mikopo nao wapewe nakala. Anayetaka kubaki ualimu abaki kwa hiari yake, mpwa wangu hataki. Na TCU waulize ni nani aliidhinisha majina ya watoto kupelekwa chini ya kozi ambayo hawakuiomba, maana hilo si ucheleweshaji tena, hilo mtu alikaa kwenye kompyuta akalifanya.

Barua ya malalamiko nimeshaiandika, ina viambatisho vyote: barua ya udahili, risiti, ule ukurasa wa ufagio, na picha ya tangazo la ubaoni. Naambiwa wa kozi hiyo kutoka Kasulu na Kibondo wapo, na Tabora pia kuna wazazi wameguswa. Kama ni wewe, au unamjua, njoo inboksi kabla ya Jumatatu tuweke sahihi kwenye barua moja. Mkija mmojammoja mtaambiwa mchakato unaendelea.