MJADALA: Mwanafunzi wa mipangomiji asomeshwe na wapangamiji peke yao mpaka lini?

Mleta hoja, Kigoma

Ndugu zangu, naleta hoja. Mwanafunzi wa mipangomiji asipewe shahada kabla hajafanya kazi moja kubwa ya uwandani na wenzake wa maji, sheria na maendeleo ya jamii. Eneo moja, ripoti moja, alama moja. Iwe lazima, isingoje hiari ya mwalimu mwenye moyo.

Ziwa letu, Tanganyika, ndilo linalonisemesha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Haya, mita 60 kuanzia wapi? Ziwa Tanganyika linatoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Miaka ya 1870 mdomo wa mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likajaa. Ulipozibuka, likashuka mita kadhaa. Ndiyo sababu pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, leo ukitaka kufika majini unatembea. Mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha. Kuanzia 2020 likapanda tena, na watu wa Kibirizi na Katonga, huku Kigoma ufukweni, wanajua lilifika wapi.

Sasa kijana aliyefundwa na wapangamiji watupu anachukua ukingo anaouona kwenye picha ya satelaiti, anapima 60, anachora. Mtu wa maji angemwambia ukingo huo ni wa mwaka huo tu. Mwanasheria angemuuliza: aliyepewa hati ziwa likiwa chini, likipanda ana haki gani? Mtu wa maendeleo ya jamii angemkumbusha kwamba mama anayeuza dagaa na migebuka humhamishi mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukategemea atabaki huko.

Lakini hawakutani. Mpangamiji yuko Chuo Kikuu Ardhi, mwenzake yuko Chuo cha Maji, jiji lile lile la Dar es Salaam. Wanakuja kujuana kwenye kikao cha halmashauri, kila mtu na muhuri wake, mchoro umeshakamilika.

Mpimaji, Tabora

Mkuu, kazi za vikundi tumezifanya sana. Wawili wanahangaika, watano wanaandika majina. Shahada ya mipangomiji ni miaka minne na bado wapo wanaotoka hawajaiva kwenye kuchora. Ukiwaongezea sheria na maji, ya kwao wataijua lini? Na nauli ya kuwaleta wote hao huku magharibi anatoa nani?

Mama wa Katubuka, Kigoma

Wanangu, huku kwetu maji ya mvua yakishakusanyika bondeni hayana pa kutokea. Wanafunzi wanakuja, huyu leo, yule mwezi ujao, maswali ni yale yale, na majibu haturudishiwi. Wakija, waje pamoja.

Mleta hoja

Mpimaji, hilo la wavivu lina dawa. Nusu ya alama iwe ya ripoti, nusu mtihani wa mdomo, na kila mmoja aulizwe sehemu aliyoandika mwenzake. Mpangamiji aeleze Lukuga, mtu wa maji aeleze hati. Anayejificha ataumbuka. Sijasema awe mwanasheria. Nataka ajue lini amwite mwanasheria, na amwite kabla ya kuchora.

Nauli si hoja ndogo, sikatai. Ila safari za uwandani zipo tayari, kila chuo kwa basi lake. Kigumu zaidi nakiona kwenye ratiba: huyu yuko kwenye mitihani, yule ndiyo kwanza anafungua muhula.

Mama, shikamoo. Lako naliingiza kwenye hoja kama sharti: ripoti isisahihishwe mpaka wanafunzi waieleze mbele ya mkutano wa mtaa na mchoro ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa.

Walimu wa vyuo mliomo humu, semeni wazi: kinachozuia ni seneti ya chuo, ratiba, au kuna kingine?