Marekani ikishindwa kesi ya biashara, nani wa kuifanya itii?

MTOA MADA: Ndugu zangu, karibuni tujadili. Msimamo wangu nautaja mapema: Marekani hutii hukumu za Shirika la Biashara Duniani (WTO) pale tu aliyeishinda ana ubavu wa kuiumiza. Asiye na ubavu huondoka na karatasi ya ushindi basi. Tena kanuni zenyewe ndizo zinazoruhusu hali hiyo.

Chukueni chuma cha pua. Machi 2002 Rais George W. Bush alipandisha ushuru wa chuma kutoka nje, mwingine hadi asilimia 30. Umoja wa Ulaya na wenzake wakashtaki, na Novemba 2003 wakashinda hadi kwenye rufaa. Ulaya ilikuwa tayari na orodha ya bidhaa za Marekani za takriban dola bilioni 2.2 za kutozwa ushuru wa kulipiza, yakiwemo machungwa ya Florida, jimbo ambalo Bush alilihitaji katika uchaguzi wa 2004. Desemba hiyo hiyo ushuru wa chuma ukafutwa.

Sasa Antigua na Barbuda, visiwa vyenye watu wapatao laki moja. Vilishtaki mwaka 2003 baada ya Marekani kuizuia kamari yao ya mtandaoni, vikashinda 2005. Sheria haikubadilishwa. Mwaka 2007 wasuluhishi wakavipa haki ya kulipiza dola milioni 21 kwa mwaka, wakati vyenyewe vilidai zaidi ya bilioni 3. Lakini vilipize kwa njia gani? Vikitoza ushuru bidhaa za Marekani, wanaoumia ni wananchi wao wanaozinunua. Ndiyo maana viliruhusiwa kusitisha ulinzi wa hakimiliki za Wamarekani, na idhini rasmi ikatoka Januari 2013. Hukumu yenyewe haijatekelezwa mpaka leo.

Inayoniuma zaidi ni pamba. Brazil ilishtaki 2002 kuhusu ruzuku za Marekani, na Benin na Chad zikaingia kama wahusika wa tatu, yaani wa kusikilizwa tu bila kuwa washtaki. Rufaa ya 2005 ikathibitisha kwamba ruzuku zile zinashusha bei ya pamba duniani. Marekani ikarekebisha kidogo, na 2008 ikaonekana bado inakiuka. Brazil ilipopata idhini ya kulipiza, hadi kwenye hataza (haki za wavumbuzi) za dawa na teknolojia, ndipo Marekani ikaita mazungumzo. Mwaka 2010 ikakubali kulipa dola milioni 147.3 kila mwaka kwenye mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil, huku ruzuku kuu zikiendelea. Mwaka 2014 ikatoa milioni 300 na kesi ikafungwa. Makubaliano yaliruhusu sehemu ya fedha hizo itumike kushirikiana na Afrika kusini mwa Sahara, lakini mshika mfuko ni Brazil. Mkulima wa Benin aliuza pamba kwa bei ile ile iliyoshushwa, na nchi yake haikuwa na cha kudai.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, unaionea Marekani. Ulaya ilishindwa kesi ya nyama ya ng'ombe wenye homoni mwaka 1998, ikakataa kuondoa marufuku, ikavumilia ushuru wa kulipiza wa Marekani wa dola milioni 116.8 kwa mwaka kuanzia 1999. Mbona hiyo huisemi? Na Marekani imewahi kutii: 2015 Bunge lake lilifuta sheria ya lebo za nchi nyama ilikotoka. Halafu wabunge wamechaguliwa na wananchi. Majaji saba wa rufaa wa WTO huko Geneva ni nani hata waliamuru Bunge la watu?

MTOA MADA: Ya homoni ni kweli kabisa, na inazidi kunipa nguvu: Ulaya ilikuwa na uwezo wa kuvumilia adhabu, ikavumilia. Kuhusu lebo za nyama, walioshinda ni Canada na Mexico, na wasuluhishi walikuwa wameshawapangia kiwango cha kulipiza cha zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Wangekuwa Antigua je? Na hilo Bunge unalolitetea ndilo lililoidhinisha mkataba wa WTO mwaka 1994. Hakuna aliyelishika mkono.

MCHANGIAJI WA PILI: Wakuu, mnabishana juu ya utekelezaji wakati hukumu za mwisho hazipatikani tena. Tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa cha WTO hakina majaji wa kutosha, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi. Desemba 2022 majopo ya WTO, yanayosikiliza kesi kabla ya rufaa, yakasema ushuru wa chuma na alumini uliowekwa na Trump 2018 unakiuka kanuni. Marekani ikajibu kwamba usalama wa taifa lake hauhukumiwi Geneva, ikakata rufaa kwenye chombo kisicho na majaji. Indonesia ilifanya vivyo hivyo iliposhindwa na Ulaya kwenye kesi ya nikeli. Mtoa mada, unapendekeza nini?

MTOA MADA: Chombo cha Rufaa kirudi, lakini hakitoshi. Mwaka 2002 kundi la nchi za Afrika lilipendekeza fidia ya fedha, na nchi nyingi ziruhusiwe kulipiza kwa pamoja pale aliyeshinda ni mnyonge. Hayakupita, na kwangu ndiyo kiini. Leo hasara ya kabla ya hukumu kwa kawaida hailipwi. Ule ushuru wa chuma wa Bush ulidumu miezi 21 na waliozuiliwa soko hawakurudishiwa chochote. Anayejua hatalipa ya nyuma ana sababu gani ya kuharakisha?

Nawe mchangiaji wa kwanza, nijibu hili: Bunge libaki huru kutunga sheria inayolipendeza, lakini sheria hiyo ikimtia hasara mkulima wa nchi nyingine kinyume cha mkataba lililouridhia lenyewe, unasema lisilipe kwa msingi gani?