Tupeane uzoefu: kurekebisha jina au mwaka wa kuzaliwa kwenye kumbukumbu za mzee aliyekuwa jeshini

Mtoto wa Koplo
Wakuu, habari za jioni. Leo nimerudi na mzee kutoka kwenye uhakiki wa wastaafu, kakaa sebuleni kimya, chai hajaigusa. Anakaribia sabini. Mwaka 1979, kwenye vita ya Kagera, alivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda kwa miguu, leo kijana wa rika la mjukuu wake kamwambia, "Mzee, huyu wa kwenye faili siyo wewe." Jeshini ni Malwa, kitambulisho cha taifa ni Marwa. Jeshini kazaliwa 1955, kitambulisho kinasema 1958. Aliyemwandikisha mwaka 1975 hakuwa na R kinywani, na mzee enzi hizo kila akiulizwa alijibu "ndiyo afande" tu. Nani kapita njia hii? Mlianzia wapi?

Tumbo Moja
Naweka kambi hapa. Wetu herufi moja pia, mwaka wa tatu huu.

Mwana wa Muleba
Herufi ni nafuu mkuu. Faili la baba yangu linasema kazaliwa Mkoa wa Ziwa Magharibi. Binti wa mapokezi akanitazama: "Kaka, Ziwa Magharibi ndiyo wapi? Mbona kwenye kompyuta haupo?" Nikamwambia ndiyo Kagera ya leo, jina lilibadilishwa 1979, baada ya vita ileile aliyopigana huyu mzee aliyekaa mbele yako. Akataka barua ya mtendaji kwamba Ziwa Magharibi ni Kagera. Nikaenda. Mtendaji kazaliwa 1991, naye akaniomba ushahidi!

Sululu
🤣🤣 Ungempelekea ramani ya Mjerumani.

Mzee wa Kiapo
Mtoto wa Koplo, usipaparike. Tafuta hati ya kiapo kwa wakili au kwa hakimu, iandikwe kwamba Malwa na Marwa ni mtu mmoja yuleyule, na namba yake ya jeshi iwemo. Namba ndiyo roho ya kila kitu. Jina linaweza kuwa na makosa kumi, ila ile MT yake, yaani namba ya jeshi, ni ya kwake peke yake. Ambatisha barua ya kustaafu na picha akiwa na sare, kama ipo. Gharama ya kiapo haitishi.

Kalamu Nyekundu
Kiapo kwa jina, sawa. Kwa mwaka wa kuzaliwa sahau. Ulioandika siku ya kwanza ya ajira ndio huohuo mpaka kaburini. Mimi nakushauri rekebisha kitambulisho kifuate jeshi, usiguse jeshi.

Mzee wa Kiapo
Kitambulisho kikifuata jeshi, cheti cha kuzaliwa je? Hati ya kiwanja je? Majina ya baba kwenye vyeti vya watoto je? Unaziba tundu moja unatoboa manne.

Kalamu Nyekundu
Basi na aende kubadili jina kabisa, akasajili hati kwa Msajili wa Hati, awe Malwa rasmi.

Mtoto wa Koplo
Mzee wangu Mkurya, nimwambie leo awe Malwa? Mnataka nilaaniwe 😂

Chuma Kitupu
Tuseme ukweli. Kuna wazee walijiongezea miaka wenyewe ili wachukuliwe, 1958 ikawa 1955 kwa sababu alikuwa na miaka kumi na saba. Wengine walitumia vyeti vya darasa la saba vya kaka zao. Leo watoto mnakuja kulia humu kana kwamba karani ndiye mwenye kosa.

Mtoto wa Koplo
Chuma, mwaka ule ulikuwa hujazaliwa, punguza ukali. Kijijini kwetu nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Bibi alihesabu kwa njaa na nzige. Waliambiwa wasimame kwenye mstari, aliyeonekana mkubwa akapita. Na huyo "aliyedanganya" ndiye aliyekwenda Kampala, siyo wewe.

Chuma Kitupu
Sijamtukana mzee. Nimesema tu sheria ni sheria.

Binti Lindi
Nimesita kuandika hii, ila uzi umenigusa pabaya.

Baba alifariki 2019. Mama akiwa bado eda, kaka yangu akafungua mirathi mahakama ya mwanzo, akateuliwa msimamizi, akapeleka makaratasi kwenye ofisi moja. Wakamrudisha. Mke aliyeandikwa kwenye faili siyo mama. Mtoto aliyeandikwa siyo yeyote kati yetu watano. Jina la baba ndilo, ila mke ni wa Nachingwea na sisi ni watu wa Kilwa.

Mnajua kilichofuata nyumbani. Ami akaguna, "Wanajeshi hao." Mashangazi wakaanza kukumbuka safari ambazo baba hakuaga vizuri. Mama hakusema neno, aliomba tu ile picha ya baba ya ukutani tuigeuze. Siku zote zilizobaki za eda yake, picha ilitazama ukuta.

Baadaye kaka akasema twende Nachingwea tukamwone huyo bi mdogo kwa macho. Tukamkuta bibi mtu mzima kuliko mama, anapukuchua mahindi. Tukamtajia jina la baba. Akaendelea kupukuchua. Akasema, "Huyo alinikimbia." Mumewe alikwenda vitani mwisho wa 1978, hakurudi. Mwaka 1981 akafunga safari kwenda kuulizia, akaambiwa mume wako yupo, ni mzima, mshahara anachukua kila mwezi, labda amekuchoka. Akarudi. Akaolewa, akaachika. Mwanawe akakua akimtukana baba yake, na hata mtoto wake mwenyewe akakataa kumpa jina la babu.

Kaka akatoa ile picha ya baba kwenye simu. Bibi akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaisogeza tena. Akasema, "Huyu siye."

Vijana wawili wa mkoa mmoja, jina la kwanza moja, jina la baba moja, wameandikishwa siku moja, namba zao zinafuatana, zinapishana tarakimu ya mwisho tu. Enzi hizo waliandika majina mawili, la babu hakuna aliyeliuliza. Mmoja alifia vitani Lukaya, kule Uganda. Mwingine akarudi, akaja kumwoa mama, miaka arobaini akaishi juu ya faili la mwenzake. Mwaka juzi tulikwenda Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita. Nimesoma jina la baba yangu kwenye kaburi lisilo la baba yangu.

Tumbo Moja
Daah.

Sululu
Nilikuwa nimeshaandika utani wa bi mdogo, nimeufuta. Pole dada.

Mwana wa Muleba
Kaboya ni kwetu. Nimepita pale tangu utotoni, sijawahi kuwaza kama majina yale yana wake zao.

Chuma Kitupu
Dada, na baba yako muda wote huo hakujua kuna mwenzake mwenye jina lake? Waliandikishwa siku moja.

Binti Lindi
Alijua. Alikuwa akisimulia, "somo wangu alibaki Lukaya." Hakujua makaratasi yamechanganywa. Faili la askari anaona karani, siyo askari. Usinilazimishe nimtetee marehemu, Chuma.

Mzee wa Kiapo
Mlitatua vipi? Hapo ndipo penye faida kwa wengine.

Binti Lindi
Tulikwenda familia mbili pamoja, ndiyo kitu pekee kilichofanya watusikilize. Hati za kiapo mbili, ya mama na ya yule bibi. Mzee mmoja aliyekuwa nao wote wawili platuni moja alikuja mwenyewe na fimbo yake kusema nani ni nani. Karatasi za zamani za mshahara za baba, mama alizitunza kwenye sanduku, zina namba sahihi. La kwetu limechukua karibu miaka miwili. La yule bibi bado, maana yeye aliolewa tena na kuna maswali juu ya hilo. Mwanawe sasa ana miaka 46, alikwenda nasi Kaboya. Hakuongea njia nzima.

Bakari wa Mvita
Mimi niko Mombasa. Babake mamangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, alipelekwa Burma, bonde la Kabaw, 1944. Karatasi yake wameandika kabila "Mswahili" na jina la babake wakaliweka kuwa ndilo jina lake. Alipokuwa hai akiitwa kwa jina lile alikuwa haitiki. Mpaka leo twatafuta.

Jemadari wa Mgambo
Na sisi wa mgambo? Baba alichukuliwa kijijini, akapewa bunduki, akafika Masaka, akarudi shambani. Hana hata faili la kukosewa.

Kalamu Nyekundu
Mgambo siyo mada. Mada ni kumbukumbu za jeshi.

Jemadari wa Mgambo
Risasi zilikuwa zinauliza nani wa mgambo?

Mzee wa Kiapo
Msigombane. Jemadari, fungua uzi wako, nitakuja.

Mtoto wa Koplo
Jamani, nimemsomea mzee habari ya Binti Lindi. Kakaa muda mrefu, halafu kaenda chumbani akarudi na bahasha ya kaki sijawahi kuiona, mna karatasi za mshahara za 1983. MT yake ipo, na jina limeandikwa Marwa! Kumbe kuna karani mmoja alikuwa na R. Kesho tunaanza kwa wakili. Anauliza avae koti au ile kofia yake. Na picha za pasipoti, mandhari ya bluu au nyeupe?

Tumbo Moja
Bluu.

Mwana wa Muleba
Nyeupe. Beba zote mbili, na kofia aivae.